Kubadilisha Injini ya Gari: Jinsi ya Kumpata Fundi Mwaminifu kwa Gharama Nafuu

Katika wilaya nyingi nchini, gari dogo la abiria au la mizigo si chombo cha anasa. Ni shamba la pili la familia. Noah inayotoka kijijini alfajiri kuelekea makao makuu ya wilaya hubeba mama mjamzito anayekwenda kliniki, magunia ya viazi ya mkulima, na mwalimu anayewahi kipindi cha kwanza. Siku injini yake inapokufa, mmiliki hupoteza kipato, dereva na utingo hukosa riziki, na abiria hurudi kutegemea bodaboda katika barabara ya vumbi au tope. Hapo ndipo swali gumu hujitokeza: nani aaminiwe kuitoa injini hiyo na kuweka nyingine, na kwa gharama gani?

Swali hili ni zito kwa sababu kubadilisha injini ni miongoni mwa kazi ghali kuliko zote zinazofanyika gereji, na wakati huohuo ni kazi ambayo mwenye gari huiona kidogo sana. Akishakabidhi ufunguo, sehemu kubwa ya yanayotendeka hufichwa na bodi la gari na giza la vyuma. Wapo wananchi walioweka akiba ya misimu miwili ya mavuno katika injini iliyodumu miezi mitatu. Wapo pia mafundi wema waliochafuliwa jina kwa kosa lisilokuwa lao. Makala haya yanaeleza hatua zinazoweza kumlinda mwenye gari na kumlinda fundi vilevile.

Kwanza ijulikane kama injini imekufa kweli

Si kila injini inayotoa moshi au kukosa nguvu inahitaji kubadilishwa. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji huingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa, na gari huchemka. Dalili hizo hutisha, lakini mara nyingi tiba yake ni kufungua hedi, kuikagua kama imepinda au kupasuka, kuisawazisha kwenye mashine na kuweka gasketi mpya. Vivyo hivyo, gari lililokosa nguvu huenda lina tatizo la pampu ya mafuta, plagi, nozeli au senza, wala si la injini yenyewe.

Kipimo cha msingi ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa katika kila silinda. Kifaa chake ni kidogo, na gereji yoyote inayofanya kazi za injini hupaswa kuwa nacho. Injini ya petroli yenye afya kwa kawaida huonyesha kiasi cha kilo 10 hadi 13 kwa sentimita ya mraba, kutegemea aina yake. Injini ya dizeli huonyesha zaidi ya mara mbili ya hapo. Kilicho muhimu kuliko namba moja moja ni ulinganifu. Silinda tatu zikisoma sawa na ya nne ikasoma nusu, tatizo limejulikana lilipo. Fundi akimwaga oili kidogo katika silinda hiyo na kupima tena, kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Kisipopanda, aangalie valvu au gasketi.

Mwenye gari ana haki ya kuyaona masomo hayo kwa macho yake na kuyaandika. Fundi anayetangaza kuwa injini imekufa kwa kusikiliza mlio tu huenda amesema kweli, hasa injini inapogonga kama nyundo kwa sababu beringi za krenki zimeisha. Hata hivyo, kabla ya kutumia mamilioni ya shilingi, si aibu wala dharau kutafuta rai ya fundi wa pili. Gharama ya kipimo cha pili ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya injini isiyohitajika.

Swali moja linalompima fundi

Baada ya kuthibitika kuwa injini haifai tena, lipo swali moja ambalo mwenye gari anapaswa kulisikia kutoka kwa fundi, na asipolisikia aliulize mwenyewe: ni nini kilichoiua injini hii?

Injini nyingi hufa kwa sababu mbili kuu, nazo ni joto na ukosefu wa oili safi. Joto hutokana na rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, mpira wa maji uliopasuka, au termostati iliyong'olewa kwa imani kwamba gari litapoa zaidi. Termostati ikiondolewa, injini hukaa muda mrefu bila kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Kutumia maji ya bomba au ya kisima miaka nenda miaka rudi, badala ya maji maalumu ya rejeta, huleta kutu na chumvi zinazoziba njia za maji ndani ya injini. Kwa upande wa oili, kuchelewa kuibadilisha, kuongeza oili isiyolingana na injini, au kupuuza taa nyekundu kwenye dashibodi, yote huishia mahali pamoja.

Fundi anayefunga injini nyingine bila kujua kilichoiua ya kwanza anaipeleka ya pili kwenye kaburi lilelile. Rejeta iliyoziba haitajizibua kwa sababu imeletewa injini mpya. Kwa hiyo fundi mzuri hutambulika mapema: huuliza gari lilichemka lini, liliendeshwa umbali gani baada ya kuchemka, oili ilibadilishwa lini, na huikagua rejeta kabla ya kutaja bei. Anayetaja bei kwanza na kuuliza baadaye anauza injini tu.

Mahali pa kumtafuta

Sifa ya fundi haipo kwenye bango la gereji yake. Ipo kwa madereva. Madereva wa Noah, Hiace na magari ya mizigo walioko stendi huendesha kila siku, hivyo hujua ni gereji ipi hurudisha gari likiwa zima na ipi hulirudisha likiwa na deni jipya. Mwenye gari awaulize madereva watatu au wanne wasiohusiana, na swali lisiwe tu nani fundi mzuri. Aulize: nani alikufungia injini, ilikuwa mwaka gani, na bado inatembea? Injini iliyofungwa miaka miwili iliyopita na ambayo bado inapanda mlima na abiria ni ushahidi kuliko maneno mengi.

Jambo la pili ni aina ya gari. Fundi hodari wa injini za dizeli za zamani, kama zile za Hiace na Land Cruiser, si lazima awe hodari wa injini za petroli zinazoongozwa na kompyuta. Katika kubadilisha injini, kazi ya vyuma ni nusu tu. Nusu nyingine ni waya, senza na kompyuta ya gari. Fundi aulizwe kama ana mashine ya kusomea hitilafu za kompyuta, na kama kazi ya umeme huifanya mwenyewe au humwita fundi umeme. Majibu yote mawili yanakubalika, mradi ijulikane mapema nani atawajibika.

Jambo la tatu ni utambulisho. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi wa magari, na pia huendesha utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, na wapo mafundi bora waliofunzwa na wajomba zao chini ya mwembe. Lakini cheti, leseni ya biashara na mahali pa kudumu huonyesha kwamba fundi amekubali kujulikana, na mtu anayejulikana ni rahisi kumrudia. Mwananchi anayetaka kuhakikisha kama gereji ina leseni anaweza kuuliza katika ofisi ya biashara ya halmashauri yake.

Mwisho, gereji yenyewe itazamwe. Je, kuna winchi au cheni ya kuinulia injini, au huinuliwa kwa kamba na vijana wanne? Je, sehemu zinazofunguliwa huwekwa kwenye makopo na kuandikwa alama, au bolti zote hutupwa kwenye beseni moja? Je, yapo magari yaliyoota majani yakisubiri? Gari lililokaa miezi minane gereji lina hadithi, na si vibaya kuuliza hadithi hiyo ni ipi.

Unafuu wa kweli na unafuu wa kujidanganya

Bei za mafundi hutofautiana kati ya mji na mji, na pia hutegemea aina ya injini. Kwa hiyo badala ya kulinganisha jumla moja na jumla nyingine, mwenye gari aombe mchanganuo wenye mafungu manne: bei ya injini, usafiri wake hadi gereji, vifaa vipya vitakavyowekwa, na ujira wa fundi. Jumla mbili zinazokaribiana zinaweza kuficha kazi mbili tofauti kabisa, moja ikiwa na vifaa vipya na nyingine ikiwa injini tupu iliyosuguliwa ikang'aa.

Fungu la vifaa ndilo linaloshawishi wengi kubana matumizi, nalo ndilo lisilofaa kubanwa. Injini ikiwa bado ipo chini, sili za oili za mbele na nyuma, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, termostati na sahani ya klachi hubadilishwa kwa urahisi. Injini ikishafungwa, kubadilisha sili ya nyuma peke yake hulazimu kushusha giaboksi upya na kulipa ujira mara ya pili. Injini nyingi zenye mkanda wa taimingi huhitaji mkanda mpya kila baada ya kilomita zipatazo 100,000. Kwa kuwa umbali uliotembewa na injini ya mtumba haujulikani kwa hakika, mkanda wake uhesabiwe kuwa umekwisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mahali panapofaa kupunguza gharama ni pengine. Injini ya aina ileile iliyokuwemo ni nafuu kuliko kuhamia injini ya aina nyingine, kwa sababu raba za kushikilia injini, waya, kompyuta na giaboksi huoana bila kukata wala kuchomelea. Wapo wamiliki wa magari ya D4, yaani yale yanayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wanaoamua kuhamia injini ya kawaida ili kuepuka usumbufu wa pampu na nozeli zake. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, lakini ujulikane kuwa utahitaji pia mfumo wa waya, kompyuta na pampu ya mafuta vinavyolingana na injini hiyo. Anayeahidi kuufanya kwa bei ya kubadilisha injini tu hajaieleza kazi yote.

Lipo pia jambo linalosemwa kwa nadra. Ujira wa fundi ukipunguzwa kwa ubishi hadi ukawa chini ya gharama yake, tofauti hiyo haipotei. Italipwa na oili ya bei ya chini, gasketi iliyorudiwa, au siku moja ya kazi badala ya tatu. Bei nafuu ni ile inayomwachia fundi sababu ya kuimaliza kazi vizuri.

Injini inunuliwe wapi na vipi

Injini nyingi zinazouzwa nchini ni za mtumba kutoka Japani, na soko lake kubwa lipo Dar es Salaam, hususan maeneo ya Gerezani na Shauri Moyo. Mnunuzi aulize mapema kama anauziwa nusu injini, yaani bila jenereta, stata na vifaa vingine vya pembeni, au injini kamili pamoja na waya na kompyuta yake. Kutoelewana juu ya neno hili moja kumezaa ugomvi mwingi.

Inapowezekana, injini iwashwe au angalau ipimwe kompresheni kabla ya malipo. Kifuniko cha oili kifunguliwe: tope jeusi zito ni dalili ya oili iliyopuuzwa, na rangi ya maziwa ni dalili ya maji. Krenki izungushwe kwa mkono ili kuhakikisha haijakwama. Muuzaji akubali kwa maandishi kuirudisha au kuibadilisha ndani ya siku zilizotajwa iwapo itabainika kuwa mbovu baada ya kufungwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni namba ya injini, iliyogongwa kwenye chuma cha bloku. Risiti ya kielektroniki iandikwe namba hiyo, si neno injini peke yake. Namba iliyosagwa, kupigwa upya au kupakwa rangi nzito ni sababu ya kutosha kuondoka bila kununua, hata kama bei inavutia. Huenda injini hiyo imetoka kwenye gari la mtu mwingine, naye anaitafuta.

Makubaliano yaandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kati ya fundi na mwenye gari haihitajiki karatasi ya kitaalamu. Ukurasa mmoja wa daftari, wenye sahihi za pande mbili na shahidi mmoja, unatosha. Uwe na mambo yafuatayo:

- Majina na namba za simu za pande zote mbili, aina ya gari na namba yake ya usajili.
- Namba ya injini inayotolewa na namba ya injini inayowekwa.
- Orodha ya vifaa vipya, na nani atavinunua.
- Ujira, na jinsi utakavyolipwa kwa awamu: sehemu wakati wa kuanza, sehemu injini ikishakaa mahali pake, na iliyobaki baada ya majaribio.
- Tarehe ya kumaliza, na hatua zitakazochukuliwa ikipita.
- Muda wa dhamana kwa kazi ya fundi, ukitajwa kwa miezi au kilomita.
- Nani atabaki na injini ya zamani.

Jambo la mwisho husahaulika mara nyingi. Injini ya zamani ina thamani: hedi, jenereta, stata na hata bloku lake huuzwa. Ikiwa fundi ataichukua, thamani yake ikatwe kwenye ujira. Vilevile, kabla ya kuliacha gari gereji, mwenye gari alipige picha, nje na ndani, pamoja na betri, redio, tairi ya akiba na jeki. Fundi mwaminifu hatachukia picha hizo, maana zinamlinda yeye pia dhidi ya tuhuma za uongo.

Namba ya injini, kadi ya gari na sheria

Kadi ya usajili wa gari hubeba namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, kadi hiyo haisemi kweli tena mpaka irekebishwe. Mmiliki anapaswa kuwasilisha mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo inayosajili magari, akiwa na kadi yake na uthibitisho wa ununuzi wa injini. Gari hukaguliwa pia na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Ni vyema kuuliza katika ofisi ya TRA iliyo karibu kabla ya kazi kuanza, ili nyaraka zote zikusanywe mapema, hasa risiti yenye namba ya injini.

Wengi huiacha hatua hii kwa kuona kwamba gari linatembea. Madhara yake hujitokeza siku isiyotarajiwa: polisi wanapolikagua gari na kukuta namba zisizolingana, mnunuzi anapolikataa, au kampuni ya bima inapolinganisha taarifa baada ya ajali. Mtu aliyenunua injini kwa haki hujikuta akieleza kama mtuhumiwa, na asiye na risiti huwa na maelezo machache.

Kupokea gari

Injini ikishafungwa, malipo ya mwisho yasitolewe kwa sababu imewaka tu. Iachwe iungurume mpaka ifikie joto lake la kawaida na feni iwake yenyewe. Kisha gari liendeshwe, mwenye gari na fundi wakiwa ndani, kwa umbali usiopungua kilomita 20, ikiwemo sehemu yenye mlima. Wakirudi, waangalie chini ya gari kama kuna tone la oili au maji, wapime oili kwa kijiti chake, na waangalie kama taa ya injini kwenye dashibodi imezimika. Taa hiyo iwake kwanza ufunguo unapofunguliwa, kisha izimike. Isiyowaka kabisa huenda imekatwa waya.

Katika kilomita 1,000 za mwanzo gari lisipakiwe kupita kiasi, maji na oili vikaguliwe kila asubuhi, na mwisho wa umbali huo oili na chujio lake vibadilishwe. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani ndiyo bima ya kwanza ya injini.

Mgogoro ukitokea

Hitilafu ikijitokeza ndani ya muda wa dhamana, mwenye gari alirudishe kwa fundi aliyelifunga kabla ya kumruhusu fundi mwingine kufungua bolti hata moja. Fundi wa pili akishagusa, haitajulikana tena kosa ni la nani. Maelewano yakishindikana, wahusika wanaweza kumwona mtendaji wa kata kwa usuluhishi, na madai ya fedha yatokanayo na mkataba yanaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Huko ndiko ukurasa ule mmoja wa daftari utakapoonekana thamani yake.

Fundi naye ana madai yake ya haki. Wapo wenye magari wanaoleta injini mbovu waliyoinunua wenyewe na kumtaka fundi awajibike nayo, au wanaochukua gari usiku kabla ya kumaliza deni. Makubaliano yaliyoandikwa humlinda fundi katika hali hizo kama yanavyomlinda mteja.

Noah ile ya alfajiri inaweza kurudi barabarani na kudumu miaka. Kinachohitajika ni kupima kabla ya kuhukumu, kuuliza kilichoiua injini ya kwanza, kununua chenye namba inayosomeka, na kuandika kila kinachokubaliwa. Haya yote huchukua siku tatu au nne zaidi. Kwa familia inayoishi kwa gari hilo, na kwa abiria wanaolisubiri kituoni, siku hizo si hasara.